Mama yangu hawezi kulala nyumba ya mkwe wake, na nyumba yenyewe haitutoshi tena

Shangazi salaam sana,

Mimi ni mama wa watoto wanne, niko Busia upande wa Uganda, nashona nguo. Mume wangu ni dereva wa trela, anapeleka mizigo kutoka Mombasa mpaka Juba, akija nyumbani analala siku tatu nne alafu anarudi barabarani. Naomba unisaidie mawazo maana mimi yangu yameisha.

Tulijenga 2009 kwenye ploti yetu ya futi 50 kwa 100. Vyumba vitatu vya kulala na sebule, jikoni iko nje, choo cha shimo na bafu viko nyuma kabisa karibu na ukuta wa jirani. Wakati ule tulikuwa na watoto wawili wadogo na tuliona nyumba ni kubwa hata inabaki. Baadaye kijana wetu wa kwanza alipobaleghe tukamjengea boizi kota chumba kimoja kule nyuma, si unajua kwetu Wasamia kijana akifika umri ule halali tena ndani na wazazi.

Sasa mwaka jana mama yangu mzazi akapata kiharusi kijijini, presha ilipanda, mkono na mguu wa kulia vikalegea. Baba alishafariki, ndugu zangu wako mbali, mimi ndo niko karibu na hospitali, nikamleta. Na wewe unajua shangazi, mama mkwe halali nyumba moja na mkwe wake. Mume wangu si mtu mbaya, yeye mwenyewe ndo alisema mama aje, lakini alale wapi? Tukamtoa kijana kwenye kota mama akaingia pale. Ile kota tuliinua juu sababu ya maji ya mvua, iko na ngazi mbili mpaka mlangoni, mlango ni mwembamba, kiti cha magurudumu tulichopewa hakipiti kabisa kinabaki nje. Choo ni mbali na ni cha kuchuchumaa, lazima tumshikilie watu wawili, mimi na binti yangu wa pili ambaye yuko S3, sekondari mwaka wa tatu, na anatakiwa asome. Usiku mmoja mama hakutaka kutuamsha akajaribu kwenda mwenyewe akaanguka kwenye ngazi. Mungu alisaidia hakuvunjika, lakini tangu siku hiyo hanywi maji jioni, anaogopa kuhitaji choo usiku.

Kijana ana miaka 19, anaendesha boda, anarudi usiku analala kwenye makochi sebuleni, wageni wakija asubuhi wanamkuta pale. Amekuwa mkali kwa kila mtu na anasema atahama akapange muzigo, chumba kimoja cha kupanga, na pesa ya kupanga bado hana. Wasichana wawili wako chumba kimoja. Mdogo wetu wa miaka 8 analala kwenye chumba cha tatu pamoja na mabunda yangu ya vitambaa. Cherehani zangu tatu ziko kwenye baraza la mbele, mvua ikija na upepo tunakimbizana kuziingiza ndani.

Tumeweka akiba, tuna milioni 22 za Uganda. Kila mtu ana neno lake. Mume wangu anataka tupanue nyumba kubwa, sebule iwe pana na chumba chetu kiwe selfu na bafu ndani, ananiambia mimi maisha yangu yote nalala kwenye kabini ya gari, nikirudi kwangu nataka mahali pa kunyoosha mwili. Kaka yangu anasema tuuze hapa twende upande wa Mukono, kule karibu na Kampala, tuanze ghorofa. Fundi anasema tuongeze vyumba viwili mbele kwenye barabara. Mimi nilitaka kumjengea mama chumba kizuri chake tu, lakini mama mmoja wa kanisani akaniambia, huyo ni mzee, miaka miwili mitatu chumba kitakaa bure na pesa imeisha. Hayo maneno yaliniuma sana shangazi, na mbaya zaidi usiku nikilala nayafikiria kama ni ya kweli.

Tufanye nini?

Mama wa Wanne, Busia

*

Mama wa Wanne,

Pole sana kwa mama, na pole kwako pia. Nimeisoma barua yako mara nyingi na kila mara narudi pale uliposema mama hanywi maji jioni. Tuanzie hapo, kabla ya milioni 22, kabla ya ramani, maana mzee wa presha aliyepata kiharusi kukaa bila maji kwa kuogopa choo ni jambo haliwezi kungoja fundi amalize.

Wiki hii hii mwite seremala akutengenezee kiti cha mbao kizito chenye tundu katikati na ndoo chini yake yenye kifuniko, kiwe na mikono pande zote mbili, kikae kando ya kitanda chake. Kimo cha kukalia kiwe kama sentimita 45 mpaka 48 ili akikaa nyayo zote mbili zishike chini na magoti yasipande juu. Kitanda chake pia kipime hivyo hivyo. Alafu angalia kitanda kimekaa upande gani wa ukuta. Upande wake wa kulia ndo umelegea, kwa hiyo anaposhuka kitandani inatakiwa ashukie upande wa kushoto, ule wenye nguvu, na kile kiti kiwe huko huko. Nimeona nyumba nyingi mgonjwa amelazwa upande wa nguvu umebanwa na ukuta, kila akitaka kuamka ni lazima avutwe, watu wanadhani amedhoofika zaidi kumbe ni kitanda kimegeuzwa vibaya. Weka taa anayoweza kuwasha akiwa amelala, toa mkeka sakafuni, na muulize muuguzi au daktari wake kuhusu mazoezi na maji ya kunywa, hayo ni yao si yangu.

Zile ngazi mbili zifunike kwa mteremko. Kipimo wanachotumia wajenzi ni kwamba kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu, yaani kama ngazi zako zote mbili zinafika sentimita 30, mteremko utakuwa mita 3 na sentimita 60. Fundi atataka kukufanyia mfupi ili asimalize simenti, usikubali, mteremko mkali kiti cha magurudumu kinarudi nyuma na mtu wake. Upana usipungue mita moja, juu ufagiwe na ufagio simenti ikiwa mbichi ili usiteleze mvua ikinyesha, kando kando weka kingo ndogo. Bomba la chuma la kushikilia liwe pande zote mbili. Watu wanaweka upande mmoja tu wanasahau kwamba mkono wake mzuri ni wa kushoto, akienda uko upande huu, akirudi uko upande ule.

Usione huu mteremko ni gharama ya bure ati kwa sababu atahama kwenye hiyo kota. Kijana wako atapandisha boda yake hapo kila usiku.

Sasa tuje kwenye kujenga. Kila mtu aliyekushauri amekupa jibu la shida moja. Mume wako anajenga kwa ajili ya uchovu wa barabara, na huo uchovu ni wa kweli, usiudharau hata kidogo. Fundi anajenga kwa ajili ya duka. Wewe unajenga kwa ajili ya mama. Lakini ile nyumba ya 2009 nayo ilijengwa kwa jibu la shida moja, watoto wawili wadogo, na ona imewachukua miaka mingapi kuizidi. Kabla ya kununua hata tofali moja chukua daftari andika majina ya watu wote wa boma, alafu andika kila mmoja atakuwa wapi baada ya miaka 5, 10 na 15. Kijana wa 19 atakuwa na mke na kwake. Binti wa S3 atakuwa ametoka kusoma au ameolewa. Huyu wa miaka 8 atakuwa na umri wa kaka yake wa leo na atadai chumba nje vile vile. Mume wako atakuwa ameacha trela, mgongo wa dereva unajua ulivyo, na wewe magoti ya kukanyaga cherehani. Ukimaliza kuandika utaona hakuna chumba kwenye boma lako chenye mtu mmoja wa kudumu. Watu wote wanapita. Kwa hiyo kitu unachotakiwa kujenga ni chumba kinachoweza kubadilisha mtu wake bila yeyote kushika nyundo.

Na hili si jambo geni kwetu. Boma la wazee wetu lilikuwa linafanya hivyo, kijana akikua anajengewa kibanda chake, bibi ana chake, ghala lina mahali pake, mtu akiondoka kibanda kinaanguka taratibu na ardhi inarudi kuwa uwanja, kesho mwingine anajenga hapo. Nyumba za Waswahili wa pwani ambazo zilisambaa mpaka miji ya bara zilitatua jambo lile lile kwa njia nyingine, korido katikati, vyumba huku na huku vya saizi karibu sawa, kila kimoja na mlango wake, uani nyuma ndo kuna jiko na choo. Mwaka huu chumba ni cha mpangaji, mwaka kesho ni cha shangazi aliyefiwa, mwaka mwingine ni stoo ya mahindi, na nyumba yenyewe haijaguswa. Sisi tulipoanza kununua ramani za kwenye simu zenye masta beduruumu, daining na vyumba vya watoto vya kubana ndo tukaanza kujenga vyumba vinavyojua kazi moja tu.

Huko nje pia wamelifikiria. Mwaka 1961 msanifu wa Uholanzi anaitwa John Habraken aliandika kwamba tutenganishe sehemu za nyumba zinazokaa miaka mingi, yaani msingi, nguzo, paa, na zile ambazo mwenye kukaa anataka kuzibadilisha kila maisha yake yanapobadilika. Na mwaka 2004 huko Chile, mji wa Iquique, msanifu Alejandro Aravena na wenzake walikuwa na ruzuku ya dola 7,500 kwa kila familia, ya kununua ardhi na kujenga, na familia zenyewe zilikuwa karibu 100 zinazoishi kiholela katikati ya mji. Pesa haikutosha nyumba nzuri nzima. Wakajenga nusu ya nyumba, ile nusu ngumu ambayo familia peke yake ingeshindwa kuifanya vizuri, bafu, jiko, ngazi, kuta kubwa na paa, alafu wakaacha nafasi wazi ya saizi ile ile kila familia ijaze yenyewe pesa ikipatikana. Na waliwaacha kwenye ardhi ile ile karibu na kazi zao na shule. Hilo la mwisho mwambie kaka yako. Mukono hamna wateja wako, hamna ndugu wa mama, hamna hospitali inayomjua, na ghorofa la milioni 22 litaishia kwenye msingi, nyasi zitaota ndani mkiwa mnapanga. Usiuze.

Ploti yako ni kama mita 15 kwa mita 30. Mimi ningejenga mstari mmoja mdogo pembeni mwa uwanja, kati ya nyumba kubwa na kota. Vyumba viwili vinavyofanana vya mita 3.6 kwa 3.6, mwishoni bafu na choo cha kukaa cha mita 2 kwa 2.5, mbele yote baraza lenye paa la upana wa mita 2 hivi, sakafu ya baraza na ya vyumba iwe sawa, hakuna kizingiti. Kila chumba kina mlango wake kwenye baraza. Milango iwe na nafasi ya wazi ya sentimita 90, hapo kiti cha magurudumu kinapita na vidole vya anayesukuma havichubuki. Ndani ya bafu iwepo duara ya mita 1.5 ambayo haina kitu, ya kugeuzia kiti. Bafu liwe na milango miwili, mmoja kutoka chumba cha mama, mwingine kutoka barazani. Leo ule wa barazani unafungwa na komeo, ni bafu lake peke yake, hachangii na mkwe wake. Siku mahitaji yakibadilika mnafunga ule mwingine.

Sasa mila. Huu mstari usiunganishe paa na nyumba kubwa, acha uwazi kati yao kabisa, na mlango wa mama usiangaliane na mlango wa chumba cha mume wako. Ukiweka mlango wake uangalie uwanjani anaweza kukaa barazani mchana akaona watu, akasalimiwa, na mkwe wake akapita zake bila yeyote kuona aibu. Lakini kabla ya kuchimba msingi keti na wazee wa pande zote mbili uwaonyeshe. Heshima kama hii inatakiwa iingie kwenye ramani mapema, ikija baadaye inakuja na ugomvi.

Kuta ndo zinataka uangalifu zaidi, na hapa naomba fundi asome mwenyewe. Mbao za paa zilale kutoka ukuta wa mbele kwenda ukuta wa nyuma, ili zile kuta za katikati zisibebe kitu. Ringi bimu, yaani mkanda wa zege juu ya kuta, izunguke mstari wote. Ukuta kati ya chumba cha kwanza na cha pili uwe mwembamba, usifungamane na kuta za nje, hata ukiwa wa plaiwudi nene yenye fremu ni sawa, siku mtakayotaka chumba kimoja kirefu mnautoa kwa siku moja na paa halitikisiki. Kwenye ukuta wa nje wa chumba cha pili mwambie aweke linta ya mlango, yaani boriti ya juu ya mlango, mahali ambapo leo kuna dirisha, siku ukitaka mlango unatoa matofali ya chini ya dirisha tu. Mabomba yote ya maji yapite ukuta mmoja, ule wa bafu, na kwenye chumba cha pili acha bomba moja limezibwa ukutani. Sasa hivi ni bomba tu. Kesho ni sinki, na chumba chenye sinki, mlango wake na mita yake ya umeme ya Yaka kinapangishwa. Swichi ziwe kimo cha mita 1, soketi zisiwe chini kabisa ziinuliwe sentimita 50, mtu aliyekaa kwenye kiti azifikie bila kuinama.

Nani akae wapi? Mama anaingia chumba cha kwanza. Siku hiyo hiyo kijana anarudi kwenye kota yake, na naomba umrudishie kwa heshima, umwambie asante mbele ya wadogo zake, maana alitoa chumba chake kwa bibi yake na sidhani kuna mtu amemshukuru. Huo ukali wake mimi nausikia ni wa kijana aliyekosa mlango wa kufunga.

Chumba cha pili mchana ni chako wewe na cherehani zako. Mbele barabarani acha moja tu na nguo za kuonyesha, wateja wataingia kwa njia ya pembeni. Huko nyuma mvua haikufikii, na la muhimu zaidi unashona ukiwa unamsikia mama kupitia ule ukuta mwembamba, yeye anasikia stori za wateja, haketi peke yake akihesabu mabati. Usiku cherehani zinasukumwa ukutani, meza ya kukatia inakunjwa, kitanda cha kukunja kinafunguliwa na mtu wa zamu analala hapo. Na zamu iwe zamu kweli. Binti wa S3 asiwe yeye kila usiku kwa sababu tu ni msichana. Kijana wa miaka 19 anaweza kumpelekea bibi yake maji na kukaa naye, kumwogesha ndo kazi ya wanawake wa nyumbani, lakini kuamka saa nane usiku hakuna jinsia. Kile chumba cha vitambaa ndani sasa kimebaki na mtoto mmoja mdogo na nafasi ya meza, hapo ndo binti atasomea.

Mume wako umwambie nini? Umwambie ukweli kwamba anastahili bafu lake, na mwonyeshe kwenye ramani lilipo. Litakaa nyuma ya nyumba kubwa, upande unaotazamana na huu mstari mpya, ili mtaro wa mabomba na shimo la maji taka viwe vya pamoja, na bomba lake liwekwe sasa hivi likiwa limezibwa, hata kabla pesa ya taili haijapatikana. Asilione kama ahadi ya mdomo, alione limetoka ardhini. Sebule kubwa isubiri. Kijana akitoka kwenye makochi hiyo sebule itapanuka yenyewe bila simenti.

Akija nyumbani safari hii chukueni majivu au chokaa mchore hivyo vyumba chini uwanjani kwa saizi yake halisi, mita kwa mita. Toeni kitanda cha mama kiwekwe ndani ya mistari, kiti chenye tundu kando yake, alafu mume wako mwenyewe asukume kiti cha magurudumu kutoka kitandani mpaka bafuni na kugeuza. Mtaona hapo hapo mlango uko mahali pabaya au chumba kimebana, na kusogeza mstari wa majivu ni bure. Wanaume wengi ramani ya karatasi haiwaingii, lakini ukimpa kiti asukume anaelewa haraka kuliko mimi nikiongea.

Kuhusu pesa, milioni 22 usizigawanye kwenye mambo manne. Kwanza ramani iliyochorwa vizuri na kibali kutoka ofisi ya mji, Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 inataka kibali kabla ya kujenga, na usimruhusu fundi akusogeze mbele kwenye eneo la barabara, siku ikipanuliwa ndo vitakavyovunjwa vya kwanza. Alafu msingi, kuta, ringi bimu na paa la mstari wote kwa mara moja, kwa sababu hivyo ukivifanya nusu nusu vinaharibika na vinagharimu mara mbili. Alafu umalize chumba cha mama na bafu mpaka mwisho, plasta, sakafu, taa, maji. Chumba cha pili kibaki na kuta za matofali na sakafu ya simenti, mlango na dirisha la kufunga, inatosha kwa cherehani. Plasta yake itatoka kwenye nguo utakazoshona humo ndani. Mlipe fundi kwa hatua aliyomaliza, si kwa siku.

Na yule mama wa kanisani. Sijui alikusudia nini, labda anakutakia mema, lakini alihesabu vibaya. Chumba chenye mlango wake, bafu bila kizingiti na nafasi ya kugeuza kiti hakikai bure kwenye boma la watu saba. Akija mtoto mchanga wa binti yako, hapo. Kijana akianguka na boda akavunjika mguu, Mungu apishe mbali, hapo. Mume wako akistaafu mgongo umekataa ngazi, hapo, na wewe baada yake. Mpangaji, hapo, ukikumbuka kumwandikia mkataba, kuna sheria ya wapangaji ya 2022 na inawalinda nyinyi wote wawili. Lakini hata kama isingekuwa hivyo, mama yako kunywa glasi ya maji saa mbili usiku bila hofu ni sababu tosha ya kujenga. Usilale tena ukifikiria kama ni hasara.

Jambo moja la mwisho, fundi atabishana nawe juu yake kwa hiyo jiandae. Milango yote miwili ya bafu ifunguke kwenda nje. Atakuambia haipendezi, atakuambia itagonga watu barazani. Mwambie mtu akianguka ndani akalalia mlango unaofunguka kwa ndani, nyinyi mlioko nje hamwezi kumfikia mpaka mvunje ukuta.

Niandikie mkishachora.

Shangazi